Modemu, Printa na Linux: Historia ya Lugha Zilizofichwa

Historia ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, imefungamana na printa tangu mwanzo wake, kama vile historia ya Linux yenyewe ilivyofungamana na modemu. Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani ilipewa printa ya leza ya kampuni ya Xerox, iliyokuwa na kasi kubwa lakini ikikwamisha karatasi mara kwa mara, huku watumiaji walioketi mbali nayo wakiendelea kusubiri bila kujua. Richard Stallman, mtayarishaji programu wa maabara hiyo, alikuwa amekwisha kuirekebisha programu ya printa ya zamani ili iwapelekee watu ujumbe kila karatasi inapokwama, naye alitaka kuifanyia ile mpya vivyo hivyo; lakini programu yake ilikuja katika umbo linalosomwa na mashine tu, na mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo wenyewe alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ametia saini ahadi ya kutoutoa. Mnamo Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao zana zake zilikuja kuwa sehemu kubwa ya mifumo inayoitwa Linux, na kisa cha printa ile amekitaja mara nyingi kuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza mwaka 1991 na haja ndogo zaidi: alitaka kompyuta yake ya nyumbani ipige simu kwa modemu hadi kwenye kompyuta ya chuo, na programu aliyoiandika kwa kazi hiyo ndiyo iliyokua, kipande baada ya kipande, hadi ikawa kiini cha mfumo kamili, yaani Linux. Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, kila kifaa huonekana kama faili, kwa hiyo kuandika kwenye faili la modemu ni kuzungumza na modemu, na kuandika kwenye faili la diski ni kuibadilisha diski yenyewe. Siku moja Torvalds aliyachanganya majina ya mafaili hayo, amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya diski, na sehemu iliyokuwa na mfumo wa Minix aliokuwa akiutegemea ikaharibika. Badala ya kuurudisha, alihamia moja kwa moja kwenye mfumo wake mchanga.

Modemu za wakati huo zilikuwa rahisi kueleweka kwa kuwa lugha yake ilijulikana. Modemu ni kifaa kinachogeuza data kuwa sauti inayoweza kupita kwenye waya wa simu, na kuirudisha sauti hiyo kuwa data upande wa pili. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ilitoa modemu iliyopokea amri zilizoandikwa kwa herufi za kawaida, kila amri ikianza na AT kama mtu anayebisha hodi: ATDT ikifuatwa na namba iliiamuru ipige simu, ATH ilikata, na modemu ilijibu CONNECT ilipofaulu. Watengenezaji wengine waliiga lugha hiyo, na yeyote aliyekuwa na programu ya kutuma herufi aliweza kuitumia modemu yoyote. Ugumu ulibaki kwenye tundu ambalo data hupitia biti moja baada ya nyingine. Kompyuta za aina ya PC zilikuwa na matundu ya namna hiyo manne kwa desturi, lakini la kwanza na la tatu yalitumia ishara moja, namba 4, kukiita kichakataji, nayo la pili na la nne yalitumia namba 3; kwa hiyo aliyekuwa na kipanya kwenye tundu la kwanza na modemu kwenye la tatu aliona kimoja kikiganda mara kingine kinapoamka. Linux, tena, huhesabu kuanzia sifuri, hivyo tundu la tatu la Windows, COM3, kwake huitwa ttyS2, na tofauti hiyo ya namba moja iliwapotezea wengi usiku mzima. Dawa ilikuwa kuhamisha vijipini kwenye kadi ya modemu, kisha kuuarifu mfumo kwa amri ya setserial. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini kila hatua yake iliweza kuelezwa na kufundishwa, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na kilichofuata.

Katikati ya miaka ya 1990 zilitoka modemu za bei nafuu ambazo ndani yake mlikuwa na kitu kidogo sana zaidi ya kiunganishi cha waya wa simu. Kazi ya kugeuza data kuwa sauti iliondolewa kwenye kifaa na kukabidhiwa kichakataji cha kompyuta, kupitia draiva, yaani programu inayofanya kazi ya mkalimani kati ya mfumo na kifaa, na draiva hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Jina Winmodem, ambalo lilikuwa alama ya biashara ya U.S. Robotics, likaenea kuwa jina la jamii nzima. Mtumiaji wa Linux aliyeandika ATDT hakupata jibu lolote, kwa kuwa hapakuwa na wa kujibu: modemu halisi ilikuwa imebaki ndani ya programu ambayo yeye hakuwa nayo. Hapa ndipo penye kiini cha historia yote hii, kwani kifaa hakikukosa nguvu wala ubora, kilinyimwa tu maelezo ya lugha yake.

Watu wa kujitolea walikusanya majina ya vipuri na kujaribu kimoja kimoja, na baadhi ya makampuni yalitoa draiva zilizofungwa. Mwaka 2004 liligunduliwa jambo linaloonyesha jinsi mvutano kati ya draiva hizo na mfumo huria ulivyokuwa umefika mbali. Kiini cha Linux huuliza kila draiva leseni yake, na isiyo huria huandikwa kuwa imekichafua. Draiva za kampuni ya Linuxant zilijitambulisha kwa neno GPL, jina la leseni huria, likifuatwa na alama ya sifuri na kisha maneno kwamba leseni hiyo ni ya baadhi ya mafaili tu. Kwa kuwa katika lugha ya C alama hiyo humaanisha mwisho wa maneno, kiini kilisoma GPL na kuishia hapo. Kampuni ilieleza kuwa ilitaka kuwaepushia wateja maonyo yanayojirudia, lakini waandishi wa kiini waliona kuwa wamedanganywa, na haki ilikuwa upande wao: mtu anayetafuta kasoro katika mfumo hana budi kujua kwa hakika ni sehemu ipi asiyoweza kuisoma.

Printa zilipita njia inayofanana na hiyo. Linux ilirithi kutoka Unix ya Berkeley programu ya lpd, iliyopanga kazi za kuchapa kwenye foleni, pamoja na faili la printcap lililoeleza kila printa kwa mistari iliyojaa nukta pacha. Jaribio la kwanza la mtumiaji mara nyingi lilitoa karatasi ambayo maneno yake yalishuka kama ngazi kuelekea kulia: Unix humaliza mstari kwa alama moja ya kushuka chini, ilhali printa ilingoja pia alama ya pili ya kurudi mwanzo wa mstari. Kwa kurasa zenye picha, programu nyingi zilitoa PostScript, lugha ya Adobe ya kuueleza ukurasa, na asiye na printa ghali iliyoielewa alitegemea Ghostscript, iliyoanza mwaka 1988, kumtafsiria. Hata hivyo printa zilizoiachia Windows kazi ya kuchora ukurasa zilibaki bubu, mpaka wajuzi walipochunguza data iliyopita kwenye waya na kuikisia lugha yake.

CUPS, iliyoandikwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999, ilileta utaratibu mpya uliojengwa juu ya IPP, itifaki ya wazi ya kuchapa kupitia mtandao. Apple iliuchukua mwaka 2002, na baadaye simu za mkononi, ambazo haziwezi kubeba draiva za printa zote, ziliwalazimisha watengenezaji kuweka lugha ya wazi ndani ya printa zenyewe. Linux ilinufaika na ukarimu ambao haikukusudiwa.

Afrika Mashariki iliingia kwa wingi katika historia hii kupitia modemu ndogo za USB za kampuni za simu, hasa baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Modemu hizo zilipochomekwa zilijitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye programu za Windows, na Linux ikaiamini diski hiyo, hadi amri ya usb_modeswitch ilipozitumia ujumbe wa kuzibadilisha. Baada ya hapo zilijitokeza kama tundu la kawaida la data, na ingawa hazikuwa na waya wa simu wala mlio wowote, aliyeziandikia ATDT*99# alijibiwa CONNECT.