Klabu Iliyotangulia Vyama

Kabla Eldoret haijawa na ofisi ya chama, ilikuwa na klabu. Mji uliochipuka mwaka 1910 penye Shamba 64 ulikuwa wa walowezi, Makaburu na Waingereza, nao walipopewa kura mwaka 1919 hawakuwa na haraka ya kuunda vyama rasmi. Ya nini? Mkulima, mwenye benki na afisa wa serikali walikwisha kujuana barazani. Atakayesema klabu ilikuwa ya gofu na vinywaji tu hakosei kuhusu ratiba, anasahau mlango. Uanachama ulipimwa kwa rangi, na penye ubaguzi wa namna hiyo hata mazungumzo ya bei ya mahindi ni siasa.

Waafrika walinyimwa hata mbadala wa klabu. Vyama vyao vilipigwa marufuku mwaka 1953, vikaruhusiwa 1955 kwa ngazi ya wilaya tu, hadi KANU na KADU zilipoundwa mwaka 1960. Daniel arap Moi aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955 akitokea ualimu, si klabuni. Baada ya uhuru rangi iliacha kuwa kigezo, lakini ada na udhamini vilibaki. Wengine watajibu kwamba KANU ilikuwa na ofisi zake. Naam, ila ofisi hutoa kadi. Kuaminiana kwa wakubwa, hasa baada ya 1982 chama kilipobaki kimoja kisheria, kulihitaji meza isiyoandikiwa kumbukumbu.