Misumari ya bati: paa likivuja, lawama humrudia muuzaji

Mteja anaporudi dukani kulalamika kwamba paa linavuja, kitu cha kwanza kulaumiwa ni bati. Mara nyingi bati halina kosa. Maji yamepita kwenye matundu ya misumari, na hiyo ni kazi ya fundi au ya msumari aliouziwa. Kwa mfanyabiashara aliyevusha mzigo mpakani tofauti hiyo ni pesa, kwani kurudisha mabati kiwandani katika nchi nyingine kunaweza kumeza faida ya safari nzima.

Mahali pa kupiga

Bati la mawimbi hupigiliwa mgongoni, si bondeni. Maji ya mvua hushuka kupitia bondeni, na tundu lililoko huko hufunikwa na maji kila mvua inaponyesha. Mafundi wengine hupenda bondeni kwa sababu hapo bati limelala juu ya mbao na msumari huingia kwa urahisi. Mgongoni chini ni wazi, hivyo nyundo ikizidi bati hubonyea, na palipobonyea hukusanya maji.

Msumari usimame wima, upigwe hadi washa ya mpira ibanwe kiasi tu. Washa iliyopondwa hupasuka kwa jua. Iliyolegea hupitisha maji na kuupa upepo nafasi ya kutikisa bati.

Ubavuni mabati hulaliana wimbi moja na nusu, na mwishoni angalau sentimita 15. Mlalo wa ubavuni usielekee upande ambako upepo hutokea. Pembezoni mwa paa na kwenye kofia misumari huwekwa karibu zaidi, maana upepo huanza kung'oa hapo.

Msumari wenyewe

Uwe umepakwa zinki kama bati. Msumari mtupu hushika kutu mapema na kuacha michirizi ya kahawia, kisha mwenye nyumba husema ameuziwa bati bovu. Wenye mwili uliosokotwa hushika mbao vizuri zaidi. Urefu wa inchi 2.5 au 3 hutosha kupita kimo cha mgongo na bado kuingia ndani ya papi. Kwa mabati ya alumini na zinki, washa za risasi hazifai, kwani huharakisha kutu.

Kwa hesabu ya dukani, bati la mita 3 likilala juu ya papi nne, misumari mitatu kila papi, linahitaji misumari 12. Mabati 100 ni misumari 1,200, bila ya nyongeza ya pembezoni. Anayeuza bati na msumari unaofaa pamoja hupunguza ugomvi wa baadaye.

Safarini

Kuna kasoro moja ambayo fundi hahusiki nayo. Mabati yaliyobanana yakilowa maji na kukosa hewa hutoa unga mweupe, yaani zinki inaliwa. Lori linalosubiri foleni Tunduma au Malaba kwa siku kadhaa wakati wa masika linaweza kushusha mzigo ulioanza kuharibika. Turubai zima, mbao chini ya mafungu na upande mmoja kuinuliwa kidogo ili maji yatoke, ndiyo kinga. Mafungu yaliyolowa yafunguliwe na kukaushwa mara yanapofika.

Vigae vya lami

Wanaoanza kuuza vigae vya lami, vinavyotumika sana Marekani, wasivifungie msumari wa bati. Vigae hivi huhitaji paa lililofunikwa mbao zote, si papi tu, na msumari mfupi uliopakwa zinki wenye kichwa kipana bapa, bila washa. Kila kigae hupigwa misumari minne, au sita penye upepo mkali, kwenye mstari uliowekwa na kiwanda ili kigae cha juu kiifunike. Kichwa kilale sawa na uso wa kigae. Kikizama hukata lami, kikibaki juu husukuma kigae kinachofuata.