MEDICARE: KULALA HOSPITALI SIYO KULAZWA

Wadau, hii iwafikie hasa wenye wazazi au ndugu wazee huko Marekani. Medicare ni bima ya afya ya serikali ya kule, iliyoanzishwa 1965, kwa watu wa miaka 65 na kuendelea pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Ina mtego mmoja unaoumiza wengi: mzee anaweza kulala hospitali siku nne, dripu mkononi, halafu kwenye makaratasi ikaonekana hakulazwa!

KULAZWA NA UANGALIZI
Daktari akiandika alazwe, gharama za hospitali zinaangukia Sehemu A ya bima. Akiandika "uangalizi", yaani bado wanamtazama waone kama alazwe au arudi nyumbani, anahesabika mgonjwa wa nje na bili inakwenda Sehemu B. Kitanda kinaweza kuwa kile kile, wodi ile ile.

SIKU TATU
Kasheshe huja baadaye. Tuseme mzee alianguka, miguu haina nguvu, anahitaji kituo cha uuguzi na mazoezi ya viungo. Medicare ya kawaida hulipia kituo hicho kama alilazwa rasmi siku 3 mfululizo. Siku ya kutoka haihesabiwi, wala muda wa emejensi na uangalizi.

Mfano: kaingia Jumatatu, uangalizi mpaka Jumatano asubuhi, ndipo akalazwa, katoka Ijumaa. Kalala mara 4, zinazohesabika ni 2. Kakosa.

Anayetimiza halipi kitu siku ya 1 hadi 20. Siku ya 21 hadi 100 anachangia kila siku (mwaka 2025 ilikuwa dola 209.50). Baada ya hapo ni mfuko wake. Asiyetimiza analipa yote tangu siku ya kwanza.

Mipango ya kampuni binafsi, Medicare Advantage, mingi haidai hizo siku 3, ila mara nyingi inataka kibali kwanza na kituo kilichomo kwenye orodha yao.

CHA KUFANYA
1. Ulizeni kila siku: amelazwa au yuko uangalizi? Hali inaweza kubadilishwa.
2. Akizidi saa 24 za uangalizi, hospitali lazima impe waraka uitwao MOON kabla ya saa 36 kwisha. Hiyo ni sheria ya 2015. Usomeni, msiuweke tu mkobani.
3. Kama mnaona anastahili kulazwa, ongeeni na daktari kabla hajaruhusiwa. Akishatoka ni ngumu.
4. Aliyelazwa kwanza, kisha hospitali ikambadilisha kuwa uangalizi, anaweza kuwa na haki ya kukata rufaa. Utaratibu huo ulianza Februari 2025, baada ya kesi iliyochukua miaka mahakamani.

Kwa hiyo ukimpigia ndugu aliye wodini, usiishie kwenye "pole, unaendeleaje?" Muulize pia: wameandika umelazwa?

Mwenye swali au yaliyomkuta adondoshe hapo chini kwenye maoni.