Mwuza Sumu Mbele ya Mahakama: Shauri la Hamburg, 1946



Mtu akinunua panga dukani, kisha akamwua jirani yake, hapana mzee wa baraza atakayemwita mwenye duka. Panga ni la kufyekea. Lakini tuseme mnunuzi yule alisimama penye meza, akasema wazi anakokwenda na panga lile, na mwenye duka akapokea fedha, akamfungia mzigo wake. Hapo wazee watanyamaza kidogo kabla ya kusema. Shauri la namna hiyo liliamuliwa katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mwezi wa Machi 1946, nalo ndilo nililotaka kuwasimulia.

Bruno Tesch alikuwa mtaalamu wa kemia, mwenye kampuni iliyoitwa Tesch & Stabenow. Kazi yake ilikuwa kuua kunguni, chawa na panya katika merikebu, majumba na maghala ya nafaka. Dawa yake kubwa iliitwa Zyklon B, nayo ilikuwa punje ndogo zilizonyweshwa sumu, zikafungwa ndani ya makopo. Kopo likifunguliwa, sumu hutoka kama hewa, na kila chenye pumzi chumbani hufa. Kampuni haikuitengeneza yenyewe. Iliiuza, ikawafundisha watu jinsi ya kuitumia pasipo kujidhuru. Ilikuwa kazi ya halali, tena yenye manufaa, maana chawa huleta homa ambayo katika vita imeua askari wengi mno.

Basi vilipokuja vita vya 1939 hadi 1945, kikosi cha SS, kilicholinda makambi ya wafungwa, kilinunua makopo hayo kwa wingi. Katika kambi ya Auschwitz, nchi ya Polandi, waliuawa watu wapatao 1,100,000, wengi wao mno wakiwa Wayahudi. Walio wengi waliingizwa katika vyumba vilivyofungwa, wake kwa waume na watoto wao, wakauawa kwa hewa ile ile ya kuulia chawa.

Ujerumani iliposhindwa, mahakama ya kijeshi ya Waingereza iliwashtaki watu watatu: Tesch, Karl Weinbacher, aliyeshika mahali pake kila aliposafiri, na Joachim Drosihn, fundi wa kutumia dawa. Mshauri wa sheria aliwaambia waamuzi kuwa yapasa mambo matatu yathibitishwe: kwamba watu wa mataifa yaliyopigana na Ujerumani waliuawa kwa Zyklon B; kwamba dawa hiyo ilitoka kwa Tesch & Stabenow; na kwamba washtakiwa walijua ni ya kuulia watu. Mawili ya kwanza hayakuwa na taabu. Shauri zima lilikaa juu ya lile la tatu.

Washtakiwa walisema hawakujua. Makambi yalijaa watu na chawa, wakasema, na kila siku nguo na mabweni yalihitaji dawa. Basi wingi wa makopo ungemshtua nani? Nakiri kuwa jibu hili lina nguvu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya makopo yale ilitumika kwa chawa, na kuua watu hakukuhitaji dawa nyingi kama kusafisha kambi. Hesabu peke yake isingeweza kumtia mtu hatiani.

Lililomwangusha Tesch lilitoka katika ofisi yake mwenyewe. Karani wa hesabu aliyewahi kumtumikia alitoa ushahidi kuwa aliona taarifa ya safari, ambamo Tesch aliandika habari za mazungumzo yake na wakubwa juu ya kuua watu kwa hewa hiyo. Akanakili maneno, kisha rafiki yake akamshauri ayachome, akayachoma. Mwandishi mmoja wa kike alisema kuwa Tesch, aliporudi kutoka Berlin mwaka 1942, alimwambia kwa kinywa chake kwamba dawa hiyo inatumika kuua watu. Yaani habari ilikwisha kuwafikia hata makarani, na makopo yakaendelea kupelekwa.

Drosihn aliachiliwa. Mshauri wa sheria alieleza kuwa hata kama fundi huyu alijua, kujua kwake si kitu ikiwa hakuwa na uwezo wa kuzuia mauzo. Tesch na Weinbacher walihukumiwa kufa, wakanyongwa tarehe 16 Mei 1946. Hukumu ya Weinbacher hunitia shaka kidogo, kwa kuwa hakuna shahidi aliyesema kuwa aliambiwa. Waamuzi walipima cheo chake na hali ya ofisi, wakaona haiwezekani kuwa hakujua.

Lakini sikilizeni habari ya Gerhard Peters, mkuu wa Degesch, kampuni iliyokuwa na haki ya dawa hiyo. Mwaka 1943 ofisa mmoja wa SS alimweleza kuwa ni ya kuulia watu, akamwomba ailete pasipo ile harufu kali iliyowekwa ili kuonya watu. Naye akaileta. Mahakama ya Wajerumani ilimfunga miaka mitano mwaka 1949. Shauri likarudiwa, na mwaka 1955 akaachiliwa huru. Majaji hawakusema kuwa hakujua. Walisema haikuthibitika kwamba makopo yale hasa aliyoyapeleka kwa ofisa yule ndiyo yaliyoua mtu.