Vinkristini

Vinkristini ni dawa ya saratani inayozuia seli kugawanyika. Hutokana na Catharanthus roseus, mmea wenye asili ya Madagaska ambao maua yake ya waridi na meupe hupamba bustani nyingi za Afrika Mashariki. Mmea huo una sumu. Kunywa majani yake yaliyochemshwa si tiba ya saratani.

Watafiti Robert Noble na Charles Beer walikuwa wakiuchunguza mmea huo nchini Kanada kwa sifa yake ya kutibu kisukari. Sukari haikushuka, ila chembe nyeupe za damu za panya zilipungua sana. Mwaka 1958 walitangaza kemikali iliyosababisha hayo, vinblastini. Vinkristini, nduguye wa karibu, ilitengwa na kampuni ya Eli Lilly ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zake, kisha huunda nyuzi ziitwazo mikrotubuli ili kuvuta kila nakala upande wake. Nyuzi hizo hujengwa kwa protini ya tubulini, kipande juu ya kipande. Vinkristini huishika tubulini isiungane. Kromosomu hukosa cha kuzivuta, seli hukwama njiani na kufa. Paklitakseli, dawa iliyogunduliwa katika gome la mti wa Taxus brevifolia, hufanya kinyume lakini huua vilevile: hukaza nyuzi zisiweze kufumuka, jambo alilolionyesha mtafiti Susan Horwitz mwaka 1979.

Lakini mikrotubuli zimo pia katika mishipa ya fahamu, ambamo ni njia za kusafirishia mahitaji ya neva. Ndiyo maana mgonjwa hupata ganzi ya vidole, miguu kulegea na choo kuwa kigumu. Uboho, ambao dawa nyingi za saratani huuumiza, huguswa kidogo tu, na hilo huiwezesha vinkristini kuchanganywa na dawa nyingine. Mchanganyiko wa namna hiyo hutibu saratani ya damu ya watoto na limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958.

Vinkristini huingizwa kwenye mshipa wa damu pekee. Ikidungwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani hushauri ichanganywe katika mfuko mdogo wa dripu badala ya kutiwa kwenye bomba la sindano, na kila wodi ya saratani inapaswa kulishika agizo hilo bila kulegeza.