Mzazi Anapopotewa na Kumbukumbu: Maradhi ya Demensia na Hukumu Zake

Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Familia nyingi visiwani kwetu zinaishi na mzee anayesahau. Mama keshaswali Adhuhuri, baada ya muda mfupi anatandika tena msala. Baba hamtambui mwanawe, au anataka kumpa mtu shamba la mikarafuu ambalo jana alisema ni la wote. Hapo watu hugawanyika: huyu anasema ni uzee tu, yule anasema ni jini, mwengine anasema mzee anafanya kusudi. Tutaeleza maradhi haya, kisha hukumu zake, kisha namna ya kumtunza aliyenayo.

Demensia ni nini?

Demensia ni jina la hali ya ubongo kudhoofika kidogo kidogo, mpaka mtu akashindwa na mambo aliyokuwa akiyamudu. Maradhi yanayoisababisha ni mengi. Linaloongoza ni Alzheimer, lililopewa jina la daktari wa Kijerumani aliyelieleza mwaka 1906. Jengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, hasa kwa wenye presha, kisukari au waliopata kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa na demensia mwaka 2021.

Uzee huongeza hatari yake, lakini si kila mzee huipata. Kusahau ulipoweka funguo ni jambo la kawaida. Kushika funguo usijue ni za nini, kupotea njia ya msikitini uliyoipita miaka 40, au kuuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache, hayo ni ya kupelekwa kwa daktari.

Msichelewe hospitali

Kuna hali zinazofanana na demensia na zinatibika: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, sonona, damu kuvujia kichwani baada ya kuanguka, au dawa zisizomfaa mzee. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, apelekwe hospitali mara moja. Huenda ni homa ya mapafu au uambukizo wa mkojo.

Demensia yenyewe bado haijapata dawa ya kuiondosha, ingawa zipo dawa zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa. Kumsomea ruqya ya kisheria ni jambo jema, na halipingani na hospitali. Kumpiga, kumfunga kamba au kumfukiza moshi kwa madai ya kumtoa shetani ni kumdhulumu.

Swala na funga

Qur-aan imeitaja hali ya mtu kurudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, asijue kitu baada ya kuwa alikijua (An-Nahl 70, Al-Hajj 5). Na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie.

Kwa hiyo aliyepotewa na akili kabisa halazimiki kuswali wala kufunga, na watoto wasimlipie kadhaa wala fidia kwa siku hizo. Fidia ya kibaba kwa kila siku ni ya mzee mwenye akili timamu ambaye mwili ndio ulioshindwa na funga.

Ambaye akili huja na kuondoka, atalazimika katika wakati ambao akili ipo. Huyu asaidiwe: akumbushwe wakati, awekewe maji, aswali pembeni ya mtu. Akitia shaka idadi ya rakaa, ajengee juu ya idadi ndogo na asujudu sijda ya kusahau. Na aliyekwisha kuswali akitaka kuswali tena, mwacheni. Hana dhambi, na huenda moyo wake unatulia kwa hilo.

Mali, hiba na talaka

Hapa ndipo ndugu wengi hugombana. Mauzo, hiba, wakfu, wasia na talaka ya aliyepotewa na akili havisihi. Anayemshikisha mzee kalamu ili atie saini au dole gumba anakula mali kwa batili, hata akiwa mtoto wake wa kumzaa. Alichokifanya kabla akili haijaondoka kinabaki kama kilivyo.

Mtoto hawi msimamizi wa mali ya mzazi kwa kuwa ni mtoto tu. Ndugu wakae pamoja, wapate maelezo ya daktari kwa maandishi, waende kwa kadhi ateuliwe msimamizi. Huyo atatumia mali kwa matibabu na matumizi ya mzee, pamoja na pensheni yake, na aandike kila senti. Katika madhehebu ya Shafi, zaka ya mali hiyo bado ni wajibu, naye ataitoa.

Kumtunza nyumbani

Msibishane naye. Akiuliza alipo mumewe aliyefariki, si lazima kumpa msiba upya kila siku. Mwambieni amsimulie habari zake. Ratiba ya siku iwe moja. Gesi na dawa viwekwe mbali, kisima kifunikwe, taa ya choo iwake usiku. Majirani na watu wa msikitini waambiwe, ili wakimuona anatangatanga wamrudishe. Katika kumuosha, sitara yake ilindwe, na kama inawezekana aoshwe na mwenza wake au mtu wa jinsia yake.

Mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja au mke wa mtoto. Wema kwa wazazi ulioamrishwa katika Suratul Israa aya 23 na 24 ni wa watoto wote, wa kiume na wa kike. Aliyeko Muscat au London anayetuma fedha amefanya wema, naye akija likizo ashike zamu, mwenzake alale. Mzee aliyesamehewa na sheria amekuwa amana mikononi mwetu, nasi tutaulizwa.

Tunamuomba Allah Awarehemu wazee wetu na Awape subira wanaowalea.

Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.