Amri Itokayo Mbali

Miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, waraka wa wizara ulitutawala bila mwandishi wake kuvuka kizingiti chetu. Kabla ya kuutii tuliutazama mhuri na sahihi. Hukumbuka desturi hiyo kila nisomapo historia ya kompyuta, maana nazo zilijifunza kutii amri za mbali kabla hazijajifunza kukagua mhuri.

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la mfumo wa Unix lenye programu iitwayo rsh. Kwa programu hiyo mtu aliyeketi mbele ya kompyuta moja aliiamrisha nyingine iliyo mbali, na majibu yakamrudia papo hapo. Akitaka kuziamrisha ishirini, aliiagiza kompyuta yake irudie amri ile ile kwa kila moja. Kila mashine iliweza kuwekewa orodha ya marafiki. Amri ikitoka kwa rafiki ilitiiwa pasipo kuulizwa neno la siri. Mtandao ulikuwa wa watafiti, na ujirani mwema ulionekana kutosha.

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988 ujirani huo ulivunjika. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe. Ilikuwa na njia kadhaa za kuingia, mojawapo ikiwa zile orodha za marafiki: ikishika mashine moja, iliziendea zilizoiamini. Haikufuta jalada lolote, ila ilijirudufu mno hata mashine zikaelemewa. Hukadiriwa kuwa kompyuta 6,000 hivi ziliathirika, kati ya takriban 60,000. Mahakama ilimpa kijana huyo kifungo cha nje na faini; baadaye akawa profesa wa MIT, jambo ambalo sisi walimu hatulishangai sana.

Hata hivyo rsh iliendelea kutumika, na maneno ya siri yakaendelea kusafiri wazi kama maandishi ya postikadi. Mwaka 1995 mwizi aliyanasa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Tatu Ylönen, mtafiti wa pale, akaandika SSH, programu inayoficha kila neno njiani na kuweza kumtambua mwenye amri kwa ufunguo wa kihesabu. Akaigawa bure mwezi Julai mwaka huo huo.

Leo fundi mmoja huweza kuziamrisha mashine elfu moja kwa mstari mmoja wa maandishi kupitia njia hiyo. Ufunguo wake ukiibwa, zote elfu zitamtii mwizi.